Sahani ya mdogo wako irudi kabatini

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Louisville, Kentucky, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani:

"Shikamoo muuguzi. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita. Kliniki walimpima damu, wakampigia simu na mkalimani, wakasema ana homa ya ini B. Tangu siku hiyo mama mkwe wake amemtengea sahani, kikombe na kijiko, na watoto wamekatazwa kulala naye. Mume wake hasemi kitu, ila siku hizi anarudi usiku. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani kwetu na watu wameanza kunong'ona. Nataka tuite watu wa afya waje wapime kanisa zima siku moja, ukweli ujulikane, tuache kuogopana. Nianzie wapi? Na huyu mtoto atakuwaje?"

Marahaba, dada. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: mtoto, sahani, na kanisa. Naanza na mtoto, maana yeye ana tarehe na hawezi kusubiri mikutano yetu. Kanisa naliacha mwisho, ingawa naona ndilo linalokuwasha zaidi.

Mimba ya miezi sita ni kama wiki ya 24 hadi 27. Muda bado upo, lakini si mwingi. Mdogo wako aombe kipimo cha kuhesabu virusi vya B vilivyomo kwenye damu. Hesabu ikizidi uniti 200,000 katika mililita moja, kwa kawaida daktari humwanzishia mama kidonge cha tenofovir kwenye wiki ya 28 hivi, ili virusi vishuke kabla ya siku ya kujifungua. Kidonge hicho kimeshatumiwa na wajawazito wengi sana duniani na hakimzuii mama kunyonyesha. Hesabu ikiwa ndogo, huenda kidonge kisihitajike kwa ajili ya mtoto, lakini sindano za mtoto ziko palepale.

Sindano hizo ni mbili siku ya kwanza, na ningependa ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi atakayoingia nayo leba. Moja ni chanjo ya homa ya ini B. Nyingine si chanjo, ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, mfano wa kuazima walinzi wa jirani wakati wa kwako bado wako mafunzoni. Zote mbili zichomwe ndani ya saa 12 tangu mtoto azaliwe. Mwambie asione aibu kumkumbusha muuguzi wa zamu. Zamu hubadilishana saa moja jioni, na mimi mwenyewe kama muuguzi nakuambia kwamba jambo lililosemwa asubuhi linaweza kupotea jioni.

Baada ya hapo chanjo inaendelea, na dozi ya mwisho mtoto huipata akifika miezi 6. Kisha kuna hatua ambayo watu wetu huikosa: kati ya miezi 9 na 12 mtoto apimwe damu, kuona kama kinga imeshika na kama kirusi hakikupenya. Wengi hukamilisha sindano, wakahama jimbo kufuata kazi ya kiwanda cha nyama au ghala, na kipimo hicho kikasahaulika. Katika idara ya afya ya jimbo kuna mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia watoto wa akina mama wenye kirusi cha B. Akimpigia simu mdogo wako, asikate akidhani ni matapeli.

Akifuata haya, mtoto ana zaidi ya nafasi 90 kati ya 100 za kukua bila kirusi. Bila kinga, mama mwenye virusi vingi anaweza kumwambukiza mtoto kwa kiwango kinachofika 90 kati ya 100. Kwa hiyo nguvu zenu za miezi hii mitatu ziende hapo. Na anyonyeshe mtoto wake. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, alipumzishe ziwa hilo mpaka lipone, aendelee na la pili.

Sasa sahani.

Usimgombeze mama mkwe. Hofu yake ina mahali ilipotoka, na ukiijua utazungumza naye kwa urahisi. Homa za ini zinapewa herufi: A, B, C, D, E. Zote hushambulia ini, lakini haziingii mwilini kwa mlango mmoja. A na E hupitia kinyesi, maji machafu na chakula kisicho safi. E ndiyo iliyosumbua kambi na vijiji vya kwetu: ililipuka wilaya ya Kitgum kaskazini mwa Uganda mwaka 2007, ikalipuka Dadaab, Kenya, mwaka 2012. Penye mlipuko kama huo wahamasishaji wa afya hupita nyumba kwa nyumba na ujumbe wa maji, choo, sabuni na vyombo safi. Ujumbe huo ni wa kweli, ila ni wa A na E. Mtu aliyewahi kuusikia, leo akiambiwa "homa ya ini" anakimbilia kabati la vyombo. Amekumbuka somo, amekosea herufi.

B hupitia damu, tendo la ndoa, na kuzaliwa. Haipiti kwenye sahani, kijiko, bakuli la ugali mnalolila pamoja, choo, kukumbatiana, kupeana mkono, kukohoa wala mbu. Watoto wakalale naye kama zamani. Kinachotakiwa kutengwa ni vitu vyenye kugusa damu: mswaki, wembe, mashine ya kunyolea, kikata kucha, hereni za kuazimana. Kirusi hiki kinaweza kubaki na nguvu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe uliokauka si salama. Damu ikimwagika sakafuni, vaeni glavu, futeni kwa jiki, mnayoiita javeli, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Kidonda kifunikwe kwa bandeji. Basi. Nyumba nzima ikishapimwa na kuchanjwa, hata wasiwasi wa wembe unapungua sana.

Ukizungumza na mama mkwe, usimpe hotuba. Mwombe akae nawe, umwambie hayo ya herufi, kisha siku hiyohiyo ule na mdogo wako sahani moja mbele yake. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyotoa vipeperushi, na vipeperushi vyenyewe huwa naviona vimefungiwa maandazi.

Ninalolihofia zaidi katika barua yako ni mume anayerudi usiku. Hajasema kitu kwa sababu ameshajijibu mwenyewe: kaipata wapi? Katika nyumba zetu swali hilo huwa na jibu moja, na jibu hilo ni usaliti. Hapa namba zinaweza kuokoa ndoa, kwa hiyo nakuomba uzishike vizuri. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa kirusi cha B, mwili wake hukifukuza wenyewe mara nyingi sana. Wanaobaki nacho ni pungufu ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha. Aliyeambukizwa akiwa na umri wa mwaka 1 hadi 5 yuko katikati, robo hadi nusu yao hubaki nacho. Kwa hiyo mwanamke kijana wa kutoka Fizi, mwenye kirusi cha muda mrefu, uwezekano mkubwa ni kwamba alikipata siku aliyozaliwa au alipokuwa akitambaa, miaka mingi kabla hajamjua mwanamume yeyote. Alikipata kwa mama yenu, ambaye naye hakujua. Au kwa wembe mmoja ulionyoa watoto watano barazani, au kwa chale. (Lugha yetu ina ucheshi wake: kuchanja ni chanjo na kuchanja ni chale, kitenzi kilekile.)

Na kwa nini hakuchanjwa utotoni? Chanjo ya B iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kongo baadaye kidogo. Wote waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Hata ilipofika, kwa miaka mingi dozi ya kwanza ilikuwa wiki ya 6 baada ya kuzaliwa, wakati aliyeambukizwa leba ameshaambukizwa. Hayo ndiyo maelezo ya mume, na ningependa ayasikie kwa mwanamume mwenzake anayemheshimu au kwa muuguzi akiwa na mke wake kando. Yakitoka kwako wewe, dada wa mke, atayaona ni utetezi.

Yeye naye apimwe. Vipimo ni vitatu na vinafanywa kwa damu ileile: kimoja kinauliza kama kirusi kipo sasa, kimoja kinauliza kama kinga ipo, na cha tatu kinauliza kama kirusi kiliwahi kupita. Msikubali kupimwa kimoja tu. Kwa watu wa kwetu kile cha tatu kina maana kubwa, kwa kuwa wengi tulikutana na kirusi utotoni tukakishinda bila kujua. Mume akikutwa ana kinga, hana la kuogopa kitandani. Akikutwa hana kinga wala kirusi, achanjwe, na watumie kondomu hadi chanjo ikamilike. Watoto wakubwa nao, na wewe, na ndugu zenu wa tumbo moja popote walipo. Kama mlizaliwa saba kwa mama mmoja, jibu la mdogo wako ni barua kwenu nyote saba. Na kabla hamjachomwa sindano upya, fungueni ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, mliokuja nao uwanja wa ndege. Najua bado uko juu ya kabati. Ndani yake huenda kuna karatasi za vipimo na chanjo mlizopata kambini, na mara kadhaa nimekuta humo jibu la homa ya ini B ambalo hakuna aliyemsomea mwenyewe kwa lugha anayoielewa.

Hapo niseme kidogo kuhusu maneno, maana naamini nusu ya mkanganyiko wa nyumba yenu ulianzia kwenye simu ile ya mkalimani. Wizara ya Afya ya Tanzania inasema "homa ya ini". Kenya utasikia "ugonjwa wa ini". Kwenu Kivu ni "ugonjwa wa maini" au "epatiti" kwa matamshi ya Kifaransa. Mkalimani wa simu anaweza kuwa mtu wa Mombasa anayemtafsiria mtu wa mji wa Baraka, kule Fizi. Niliwahi kukaa na mzee mmoja ambaye mkalimani alimtafsiria ugonjwa huu kuwa "homa ya manjano", kwa sababu macho huwa ya manjano. Mzee akatabasamu, akatoa kwenye pochi ile kadi yake ya njano ya safari, akasema, "Hiyo nilishachanjwa, kadi hii hapa." Daktari akafurahi, akaandika kwamba mgonjwa amechanjwa. Miezi minane ikapita.

Neno jingine ni "pozitivu". Mswahili akiambiwa kipimo chake ni pozitivu husikia UKIMWI, hata kama sentensi nzima ilikuwa ya ini. Nanyi mliokaa Kigoma mnajua neno "ameathirika" lina maana gani mtaani. Ndiyo sababu mimi sisemi pozitivu wala chanya wala muathirika. Nasema: "Tumekuta kirusi cha B kwenye damu yako, kiko kwenye ini, si kile cha UKIMWI." Maneno machache, lakini mtu anaondoka akijua alichonacho. Kama kuna bibi anayezungumza Kibembe tu, ombeni mkalimani wa Kibembe. Hospitali inayopokea fedha za serikali hapa inatakiwa kuwapa mkalimani bure, na hairuhusiwi kumtegemea mtoto atafsiri, isipokuwa kwa dharura. Msichana wa miaka 12 asimtafsirie mama yake habari za tendo la ndoa. Nimeona hilo likifanyika, na hakuna aliyetoka chumbani akiwa mzima rohoni.

Kuhusu maisha ya mdogo wako mwenyewe, nitakwenda haraka kidogo, maana daktari wake ndiye atakayepanga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 254 wanaishi na kirusi hiki, kama milioni 65 kati yao wakiwa Afrika. Wengi hawajui, kwa kuwa ini halilalamiki mapema. Dawa ya kukifuta kabisa B bado haijapatikana, lakini vidonge vya kukifunga breki vipo, kimoja kwa siku, tenofovir au entekavir. Si kila mtu anavihitaji leo. Wengine hufuatiliwa tu kwa vipimo kila baada ya miezi 6. Aliyeanzishiwa asiviache ghafla bila daktari, kwa sababu kirusi kinaweza kuamka kwa hasira na kuliumiza ini vibaya. Hata akiambiwa kirusi "kimelala", asiache kwenda. Na siku yoyote atakapopewa matibabu ya kansa au dawa za kushusha kinga ya mwili kwa ugonjwa mwingine, aseme kwanza kwamba ana B.

Mtanisikia nikirudia ultrasaundi, nayo nina sababu. B inaweza kuleta kansa ya ini hata kwa mtu ambaye ini lake halijakakamaa, na kwa Waafrika kansa hiyo huja mapema kuliko kwa watu wengine. Wataalamu hushauri watu waliozaliwa Afrika waanze kuchunguzwa wakiwa bado vijana, wengine tangu miaka ya 20 na kitu, kwa ultrasaundi kila miezi 6. Daktari aliyezoea wagonjwa wa Kentucky anaweza kudhani ni mapema mno. Mdogo wako aulize: "Mimi nimezaliwa Afrika na nina B, nianze lini ultrasaundi ya ini?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Moja ya sababu zinazotajwa ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Sumukuvu na kirusi cha B wakikutana kwenye ini moja, hatari ya kansa huongezeka maradufu na zaidi. Wale jamaa wanaowaletea unga wa muhogo, karanga na mahindi kwenye masanduku kutoka nyumbani, msile chochote chenye ukungu au kilichobadilika rangi. Pombe aiache. Na dawa za miti shamba, zile za chupa za soda zinazouzwa kwa jina la "kusafisha ini", akae mbali nazo kabisa. Ini ndilo linalochuja dawa hizo. Humpi mgonjwa mzigo abebe.

Jambo la chupa ya vidonge usilipuuze. Tenofovir imo pia katika dawa za VVU. Mtu wa nyumbani akiisoma chupa na kuitafuta kwenye simu, atapata neno UKIMWI dakika hiyohiyo. Mwambieni mume mapema, kabla hajaitafuta mwenyewe.

Karatasi na kazi: kuwa na homa ya ini B si kosa la uhamiaji na hakumo katika orodha ya magonjwa yanayomnyima mtu kadi ya kijani. Wanachouliza ni chanjo, na mwenye kirusi haihitaji chanjo hiyo. Daktari anaandika hivyo kwenye fomu. Wengi wenu mnafanya kazi za kutunza wazee. Sheria ya Marekani inayolinda watu wenye ulemavu inawahusu pia wenye B, na mwaka 2013 Wizara ya Sheria ilifikia makubaliano na chuo kimoja baada ya waombaji kunyimwa nafasi ya kusomea udaktari kwa sababu ya kirusi hiki. Mdogo wako hatakiwi kumwambia msimamizi wake ghalani.

Sasa kanisa.

Maneno yako "ukweli ujulikane" yamenitia wasiwasi, dada, na nakwambia kwa upendo. Ukweli ulio katika damu ya mtu ni wa mtu huyo. Mkipima kanisa zima siku moja ili ujulikane, mtapata kanisa lenye mafungu mawili.

Najua kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Miaka iliyopita, katika mji mwingine, tulipima watu baada ya ibada. Tulikuwa na pilau, kwaya, fulana, na foleni iliyozunguka ukumbi. Tulipiga picha nyingi. Majibu yalipotoka tukaanza kupiga simu: namba kadhaa zilikuwa zimefungwa, nyingine ikapokewa na mtoto, nyingine ilikuwa ya shemeji. Baba mmoja alilijua jibu lake kupitia kwa jirani. Wale tuliowapata tuliwaambia "muone daktari", wakati miadi ya kwanza kwenye kliniki ya karibu ilikuwa ya miezi mitatu mbele na baadhi yao hawakuwa na bima. Yule baba alihama kanisa, kisha akahama mji. Nilimtafuta ili nimwombe radhi. Sikumpata, na sijui kama alitibiwa.

Kwa hiyo anzia mwisho. Kabla ya sindano ya kwanza, tafuta kliniki itakayowapokea watakaokutwa na kirusi. Zipo kliniki za jamii zinazopata ruzuku ya serikali kuu na kutoza kulingana na kipato. Mwenye kipato kidogo hulipa kidogo sana. Nenda umwone msimamizi uso kwa uso. Akuhakikishie kwamba watapima vipimo vyote vitatu, kwamba aliyekutwa nacho atapata miadi ndani ya wiki chache, na kwamba kuna mkalimani. Asipoweza kukuhakikishia, mshukuru, nenda kwingine. Idara ya afya ya mji na shirika lililowapokea mlipofika wanaweza kukutambulisha. Lipo pia kundi la kitaifa linaloitwa CHIPO, linalounganisha watu wanaoshughulika na homa ya ini kwa wenye asili ya Afrika. Waandikie, ni watu wa kusaidia.

Ukishapata mlango huo, anza kufundisha kabla ya kupima. Madhabahuni si mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu pale watu husikiliza wakitazama nani anainamisha kichwa. Anza kwenye likelemba yenu, mnapokusanyana kupeana zamu ya fedha, au saluni wakati wa kusuka, ambapo mtu hawezi kuondoka kwa saa nne. Wanaume wapeleke kwa kinyozi na kwenye timu ya mpira. Vijana wao wana lango jingine: nimekutana na kadhaa waliokwenda kuuza plazma, yale maji ya damu, ili walipe kodi ya nyumba, wakaambiwa wasirudi tena, wakapewa karatasi ya Kiingereza iliyosema wana B, wakaikunja mfukoni na kunyamaza. Ukimtaja kijana wa namna hiyo bila jina, utaona nani anakufuata baadaye parkingini.

Hapo pia jiandae kwa swali la damu: "Mnaipeleka wapi?" Kambini uvumi wa damu kuuzwa ulikuwepo, na hapa damu inauzwa kweli mchana kweupe. Onyesha kichupa kidogo, sema kinakwenda maabara gani na kinamwagwa lini. Msidharau swali hilo.

Ujumbe wenyewe uwe mwepesi. Usiseme "sisi Wakongomani tuna ugonjwa huu." Tangu mwaka 2023 mwongozo wa kitaifa hapa Marekani unasema kila mtu mzima, wa kabila lolote, apimwe homa ya ini B angalau mara moja maishani. Basi sema hivyo: ni kipimo cha kila mtu, hata mchungaji, hata jirani Mmarekani. Mwombe mchungaji apimwe faragha na aseme tu, "Nimeshapimwa." Asitaje jibu. Akilitaja jibu zuri, mwenye jibu baya atajificha. Waombe na kipimo cha homa ya ini C kiongezwe kwa damu ileile. C inapona kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na ni dhambi mtu kuishi nayo bila kujua.

Kuhusu siku yenyewe, ningechagua kliniki Jumamosi, familia chache chache kwa miadi, badala ya ukumbi. Kama kliniki haitoshi, tumieni ukumbi, lakini kila mtu aingie chumba chake na mlango ufungwe. Waulizeni namba mbili za simu, na swali hili: "Ni saa ngapi tukipigia unapokea mwenyewe?" Wengi wenu mnafanya kazi usiku. Jibu litolewe na mtu wa afya, kamwe lisitolewe na kiongozi wa kanisa, na wewe mwenyewe usiione orodha. Ukiletewa, ikatae. Damu ikishachukuliwa, chanjo ya kwanza inaweza kuchomwa palepale bila kusubiri majibu, na hilo linaokoa safari nzima. Ipo chanjo ya watu wazima ya dozi mbili, mwezi mmoja kati yake, badala ya tatu za miezi 6. Kwa watu wanaohama kama sisi, iulizieni hiyo. Mjamzito amuulize daktari wake ipi inamfaa.

Kama mpo karibu na msikiti wa Waburundi au Wasomali, waalikeni wapange siku yao wenyewe na kliniki ileile. Imamu atajua la kuwaambia watu wake kuliko mimi na wewe.

Ya wiki hii ni haya. Mpeleke mdogo wako akaombe kipimo cha kuhesabu virusi kabla wiki ya 28 haijafika. Shusha mfuko wa IOM. Kula naye. Na ukishapata kliniki na tarehe, niandikie kabla hujatangaza popote, unieleze mtu wa kwanza atakayekutwa na kirusi atapigiwa simu na nani, saa ngapi, na kwa lugha gani.